Mama Mkwe wa Petro Alilala Wapi

Kwamba Petro alikuwa na mama mkwe, nililijua tangu nikiwa msichana wa kujifunza kusoma misheni, lakini lilipita masikioni mwangu kama mengine mengi. Petro alikuwa na mashua, alikuwa na ndugu, alikuwa na mama mkwe aliyeshikwa na homa. Yesu akaingia, akamshika mkono, homa ikamwacha, mama akainuka akawahudumia. Mistari miwili mitatu tu. Mwalimu wetu aliipita mbio ili aende kwenye mambo makubwa, na sisi tukamfuata mbio vilevile. Sikudhani hata siku moja kwamba mistari hiyo ingekuja kukaa nyumbani kwangu ikatae kuondoka.

Nyumba yenyewe ilikuwa Endebess, kwenye shamba la Mzungu, miaka michache baada ya vita vya Hitler. Mume wangu aliendesha trekta. Tulipewa nyumba ya msonge katika laini ya wafanyakazi, chumba kimoja, kitanda upande huu na meko ya kuotea moto upande ule, na nje nikajijengea kibanda cha jikoni kwa mabua ya mahindi. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado mgongoni. Kwetu hasa ni Bungoma, milimani juu ya Chwele, na huko ndiko alikokaa mama yangu, mjane, peke yake tangu kaka yangu aende kufanya kazi ya reli.

Mwaka huo mama alianza kukohoa na kupandwa na homa isiyoisha. Kaka akamchukua mpaka hospitali ya Kitale. Wakampa dawa, wakamwambia asirudi mbali, akae karibu ili aletwe tena kila juma apigwe sindano. Karibu ni wapi? Ni kwangu. Lori la maziwa lilitoka Endebess kwenda Kitale kila asubuhi, na dereva wake alikuwa mtu wa kwetu. Kaka akanikabidhi mama na furushi lake la nguo, akarudi kwenye reli yake, na mimi nikafurahi kama mjinga. Nilifikiri shida yangu ni homa.

Mtu asiye wa kwetu lazima nimweleze kidogo. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawashikani mikono. Wakikutana njiani, kila mmoja hujitupa majanini upande wake hadi mwenzake apite. Hawali pamoja. Na kulala chini ya paa moja, mama aone kitanda ambacho binti yake hulala na mumewe, hilo hata kulitamka ni aibu. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo ikivunjwa, watu wa kwetu husema mwili hulipa: mtu hutetemeka, hutokwa na vidonda, au watoto huanza kuugua.

Basi mama alifika uani, akasimama pale pale akiegemea fimbo, leso imefunika nusu ya uso. Mume wangu akatoka mlangoni. Alikuwa mtu wa kitabu, mume wangu. Alibatizwa akiwa mkubwa, na kama wote waliobatizwa wakubwa alikuwa na bidii ya kupita kiasi. Akasimama katikati ya mlango, akasema kwa sauti ya majirani wote kusikia, "Mama, karibu ndani. Kwa Yesu hakuna mwiko."

Mama akageuka akatazama mahindi. Akaniambia kwa lugha yetu, polepole, "Mwambie baba wa mtoto namsalimu. Mwambie nitakaa hapa jikoni."

Nilidhani ni jambo la siku moja. Nikatandika ngozi na blanketi kibandani, nikakoka moto. Lakini Endebess mwezi wa saba si mahali pa kulala kwenye mabua. Mvua inashuka kutoka mlima Elgon kila alasiri, na baridi yake huingia mpaka kwenye meno. Kila asubuhi nilimkuta mama amejikunja karibu na majivu, blanketi limelowa upande mmoja, na kikohozi kimeshuka kifuani zaidi. Namwambia aingie ndani. Ananiuliza kama nimekuwa Mzungu.

Na mume wangu naye hakutaka kutoka. Nilimsihi akalale kwa wenzake angalau mpaka mama apone, akakataa kata kata. Alikuwa akiandaliwa kuwa mwalimu wa kanisa la pale shambani. Alisema wazee wanamtazama. Akihama nyumba yake kwa sababu ya mwiko, watasema mguu mmoja bado uko gizani. "Petro alikaa na mama mkwe wake," aliniambia, akifungua Biblia na kuweka kidole. "Nyumba moja. Si imeandikwa? Na ni Petro, si mtu hivi hivi."

Ilikuwa imeandikwa. Nilisoma mwenyewe, mara mbili, mara tatu, nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba Petro alikuwa na nyumba ya pili nyuma. Sikupaona. Mume wangu alikuwa na kitabu, mama alikuwa na heshima, na mimi nilikuwa katikati na sufuria ya uji. Nilimkasirikia kila mmoja wao kwa zamu, na nikamkasirikia Petro pia.

Jumapili ikafika. Tulikuwa tukisali kwenye banda la mahindi la Mzungu, watu wa kila kabila waliofanya kazi pale, na ilikuwa zamu ya mume wangu kusoma. Nilimjua mume wangu. Nilijua atakachosoma kabla hajafungua. Akasoma habari za mama mkwe wa Petro, polepole, huku akinitupia jicho, kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Mzee wa kanisa alikuwa mtu wa Bungoma, nywele zote zimekuwa nyeupe, mtu aliyekuwa amekomaa kabla ya Neno la Mungu kufika milimani kwetu. Akainuka taratibu.

"Mimi nauriza tu," alisema. "Huyo mama arirara wapi? Arirara kwa nyumba ya mukwe wake. Sasa munashangaa homa irimushika? Hiyo homa irijua njia. Bwana akaja akaondoa mwiko, akamushika mukono, homa ikatoka. Sawa. Lakini hapa kwetu, ni nani ataweza kuondoa? Wewe?" Akamtazama mume wangu. "Wewe ni dereva ya trekita."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeingiwa na hofu. Katika miaka yote ya kusomewa mistari ile haikunijia kamwe kwamba homa ile ilikuwa na sababu. Sasa niliiona sababu, imekaa wazi kabisa, na nikajiuliza ilikuwaje mwalimu wetu wa misheni aipite mbio.

Jirani yangu akainua mkono. Yeye na mumewe walikuja kutoka upande wa Kiambu, walikosa mashamba huko wakaja kulima kwa Wazungu wa Trans-Nzoia. Nyumba yake ilipakana na yangu, na watoto wake walikuwa wengi hata hakukuwa na pa kuweka mguu. Alikuwa amejitolea kumchukua mama, lakini amchukue ampeleke wapi?

"Mzee, heshima ya wakwe hata sisi tuko nayo," alisema. "Lakini nyinyi mnasema nyumba ya Petro, nyumba ya Petro. Mimi naona hiyo nyumba si yake, bana. Yeye na ndugu yake na bibi na mama mkwe, wote kwa nyumba moja? Hiyo ni laini, kama hii yetu. Ilikuwa ya tajiri wa samaki. Mtu ako na shamba yake anajenga ya mama mkwe kando, na mlango inaangalia mbali. Petro alikosa tu mahali. Ati tufanye sheria na shida ya mtu?"

Hapo nikahisi akili inaanza kunitoka. Kwa sababu hilo nalo lilikuwa kweli. Nilimwona Petro amesimama mbele ya karani akiomba nyumba ya pili, na karani anamwambia angoje.

Bibi wa yule Mzungu mwenye shamba, ambaye alipenda kuja kuketi nasi kwenye kiti alicholetewa kutoka nyumba kubwa, alikuwa akitikisa kichwa. Alikuwa mwanamke mwema kwa namna yake. Ndiye aliyekuwa akitupa kwinini. Akasema, kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Nyinyi yote hapana ona neno kubwa. Yeye napona, mara moja nasimama, nafanya kazi. Hapana lala. Hapana sema bado naumwa. Hii ndiyo Mukristo." Na akatutazama sisi wanawake wa palizi, mmoja mmoja.

Nilitoka bandani kichwa kikivuma. Mistari ile ile, tumeketi kwenye magunia yale yale, na kila mtu alikuwa ameondoka na mgonjwa wake mwenyewe. Mzee aliona mwiko, jirani akaona nyumba ya kupanga, bibi wa Mzungu akaona kibarua aliyerudi kazini, na mume wangu akajiona yeye. Ningejua nani amekosea ningeshika njia. Lakini kila aliposimama mmoja nilisema ndiyo, huyu ndiye, mpaka aliposimama mwingine. Mwenye kichwa kimoja hawezi kukubaliana na watu wanne, na mimi nilikuwa nimekubaliana nao wote.

Juma lile mvua haikupumzika. Sindano ya Kitale ilimpa mama nafuu ya siku moja, kisha homa ikarudi na nguvu mpya. Siku moja nilitoka palizi nikakuta maji yameingia kibandani, moto umezimika, na mama ameketi juu ya jiwe la kusagia, miguu ameiinua, ametulia kabisa, kama abiria anayengoja lori. Nililia. Halafu kilio kikageuka hasira, nikamwendea mume wangu hadi kwenye banda la trekta, mbele ya wenzake, jambo ambalo mke wa mtu hafanyi.

"Utoke katika ile nyumba," nilimwambia.

"Mama wa mtoto, nikitoka watasema nimerudi nyuma."

"Na mama akifia jikoni kwangu, watasema nini? Watasema ulisonga mbele?"

Alifuta mafuta mikononi kwa kitambaa, muda mrefu, mikono ambayo haikuwa michafu sana. Nilijua anaumia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepewa kitu kimoja maishani cha kujivunia, nacho kilikuwa kusoma. Jioni hiyo akachukua koti lake akahamia banda la trekta, akalala kwenye magunia.

Mama akakubali kuingia. Hakukubali kitanda; alitandikiwa chini, upande wa meko, akakipa kitanda mgongo. Siku zote alizokaa mle hakukitazama. Nilitundika leso yangu kubwa mbele yake kama pazia, na hapo ndipo nilipoona mabega yake yakishuka.

Lakini ugonjwa ulikuwa umeshamlemea. Lori la maziwa lilikwama kwenye matope njia ya Kitale, na siku yake ya sindano ikapita akiwa amelala. Jirani alinipa kitunguu saumu na asali. Mzee wa kanisa alipita akaomba, akiwa amesimama mlangoni, akanitazama kwa huruma iliyoniudhi, maana ilikuwa huruma ya mtu aliyeonya.

Alasiri moja mvua ilikatika kidogo. Mama alikuwa ameegemea magoti yangu nikimkanda miguu. Akaniuliza, "Ni maneno gani hayo mliyogombania kwa ajili yangu? Niletee baba wa mtoto ayasome."

"Aje humu ndani?"

"Una wazimu? Akae nje. Ukuta una masikio."

Mume wangu akaja na Biblia yake ndani ya koti. Akakaa kwenye kigogo nje ya ukuta, sawa na mahali mama alipokuwa ndani, udongo wa upana wa kiganja ukiwa kati yao. Mama hakujua Kiswahili cha kitabu, kwa hivyo mume wangu alisoma kisha akageuza kwa lugha yetu, sentensi kwa sentensi. Sauti yake ilikuwa tofauti na ile ya Jumapili. Alikuwa akisoma kama mtu anayeogopa kukosea.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema asome tena. Akasoma tena.

"Huyo mama," mama aliuliza, akipaza sauti kidogo ili ipite ukutani, "alikuwa mama mkwe wa huyo mwanamume?"

"Ndiyo, mama."

"Basi alikuwa na binti."

Nilisikia kurasa zikigeuzwa.

"Binti yake alikuwa wapi? Mtu anaugua ndani ya nyumba ya binti yake, wanaume wanaingia, wanaume wanamshika mkono, kisha anapikia wanaume. Binti yuko wapi? Alikufa?"

"Haijaandikwa, mama," mume wangu alisema. Akageuza kurasa tena, mbele na nyuma. "Hapa hapana. Na hapa hapana."

Mama akacheka, na kicheko kikawa kikohozi, nikamshika kifua hadi kikatulia. Kisha akasema, bila ubaya, kama mtu anayemtetea mwenzake, "Basi huyo aliyeandika alikuwa amekaa nje, kama wewe."

Mimi niliyashika magoti ya mama na sikujua kama nataka kucheka au kupiga yowe. Nilikuwa nimekipekua kitabu hicho juu na chini kwa ajili ya mama, na Petro, na paa, na kitanda. Haikunijia kujitafuta mimi.

Asubuhi iliyofuata jua lilitoka, jambo ambalo Endebess mwezi huo ni kama sikukuu. Nilikuwa nimeamka kumnyonyesha mtoto. Nikanyoosha mkono nikaushika wa mama, kama nilivyofanya kila asubuhi kupima ule moto wake. Haukuwa na moto. Ulikuwa umepoa vizuri, mkavu, hauna jasho. Sasa nitasema jinsi nilivyokuwa mjinga, au jinsi nilivyokuwa nimesomewa sana. Nilishangilia. Nilitoka nje na mtoto kifuani, nikapiga kelele kuelekea banda la trekta, "Homa imemwacha! Homa imemwacha!"

Mume wangu alikuja mbio, kifungo cha shati hakijafungwa, akimshukuru Mungu kwa sauti. Jirani alitoka na mwiko wa ugali mkononi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta unga wa wimbi, nimpikie uji kabla hajajaribu kuinuka mwenyewe. Na katika furaha hiyo mume wangu akasahau. Akaingia. Aliinama mlangoni akapita, akapita leso yangu iliyotundikwa, akafika hadi meko.

Sauti yake ya shukrani ikakatika. Nilisimama mlangoni na unga katika kiganja. Alikuwa amepiga magoti. Alimtazama mama usoni, uso ambao katika ndoa yetu yote hakuwahi kuutazama, halafu akanyoosha mkono, akamfumba macho. Akasema, "Mama wa mtoto, weka unga chini."

Tulimrudisha mama milimani juu ya Chwele kwa lori la Mzungu. Bibi yake alilitoa, akaleta na shuka nyeupe, na akaniambia nikirudi palizi nitasahau huzuni. Siku ya kunyolewa nywele, baada ya maziko, watu wa ukoo walijaa uani, na mzee wa kanisa alikuwa amesafiri nasi, na jirani pia, Mungu ambariki, na mtoto wake mdogo mgongoni. Ndipo wakaanza kubishana juu ya kifo chake.

Mzee alisema alikufa kwa sababu aliingia. Alivumilia kibandani siku zote hizo, akasema, na akaanguka alipolala chini ya paa la mkwewe, na mkwewe akamkuta amelala. Mume wangu alisema, macho yamevimba, kwamba alikufa kwa sababu alichelewa kuingia; angeingia siku ya kwanza angepona. Jirani akasema kwa Kiswahili chake nyinyi wote wawili mnaota, kilichomuua ni mapafu na lori kukwama na Mzungu kutoa nyumba moja. Kila mmoja alikuwa amemsoma mama yangu kwa macho yale yale aliyosomea Petro.

Nami, kama kawaida yangu, niliwaamini wote. Naamini hivyo hadi leo, siku moja huyu, siku nyingine yule, na kuna asubuhi nyingine ninapoamka nikiamini kwamba mimi ndiye niliyemuua nilipomtoa jikoni, na kufikia saa nne naamini nilimuua kwa kutomtoa mapema. Nimesoma kitabu hicho miaka mingi tangu wakati huo. Hakijanitatulia.

Lakini walibishana mbele yangu. Nilikuwa nimeketi chini pale pale, nywele zimenyolewa, mtoto kwenye titi, na hakuna aliyegeuka kuniuliza mimi niliyekuwa ndani niliona nini, nilisikia nini. Wangeniuliza, ningewaambia kwamba jioni ile ya mwisho mama alikunywa uji wote, akaomba mjukuu alazwe ubavuni pake, akavuta blanketi mpaka shingoni, akasema, "Binti yangu, nyumba yako ina joto."